Sura Haina Jumamosi

Hoja iliyo mezani ni hii: mpiga picha wa kujitegemea hapa Lubumbashi aache kukimbilia kila kazi inayopita, ashike picha za sura za watu peke yake. Nimeigawa kwa sauti nne. Usiwatafute wasemaji ukipita Makomeno, maana sikumchukua mtu na jina lake. Nimechukua hoja zinazogongana kila wapiga picha wa mji huu wanapokaa pamoja, nikaipa kila hoja kiti. Yaya, yaani kaka mkubwa, ameishi kwa kupiga ndoa na vilio miaka mingi. Kijana anataka sura tu. Mama anauza vitenge, na ni mteja wa wote wawili. Mwalimu anafundisha historia. Nimewakalisha barazani Makomeno, komine ya Lubumbashi, jioni ya kiangazi. Umeme umekatika, na hilo nalo litaingia kwenye maneno yao.

KIJANA: Nianze mimi, kwa kuwa ndiye ninayeshitakiwa. Yaya, tangu nishike kamera nimepiga ndoa, ubatizo, semina za mashirika, nyumba za kupangisha, magari ya kuuza, hadi sahani za bukari kwa ajili ya mgahawa. Kila kazi inanidai chombo kipya, na hakuna hata moja inayonipa jina. Mtu akiulizwa kama anamjua mpiga picha, anajibu, "Kuna kijana mmoja." Nimechoka kuwa kijana mmoja. Nataka waseme: ukitaka sura yako itoke vizuri, nenda kwa fulani.

YAYA: Jina halilipi kodi ya nyumba, mdogo wangu. Ndoa ina tarehe. Kadi zimegawiwa, kamati imekusanya makuta, ukumbi umeshikwa. Hata familia ikikosa nyama ya pili, fungu la mpiga picha litapatikana, sababu siku ile ikipita bila picha haitarudi. Sasa sura ina tarehe gani? Nani ataamka Jumanne aseme, leo naenda kulipia uso wangu? Uso anao kwenye simu, mara mia tatu, na haujamgharimu kitu.

MAMA: Papa anasema kweli. Mimi mara ya mwisho kulipia picha yangu peke yangu ilikuwa ya pasipoti. Ukuta mweupe, kigoda, "mama usicheke". Sikuipenda, lakini nililipa palepale, maana safari ilikuwa na haraka.

YAYA: Mmesikia? Hata pasipoti ina tarehe.

KIJANA: Basi tuhesabu, yaya. Mwaka una Jumamosi 52. Toa zile za Kwaresima, ambazo Wakatoliki wengi hawafungi ndoa. Toa zile ambazo mvua ya Januari inafunga barabara za mitaa. Zilizobaki tunazigombania wangapi? Na ndoa yenyewe si saa mbili. Tuseme saa kumi na nne kuanzia komine hadi usiku, halafu saa thelathini za kuchagua na kusafisha picha. Hizo ni arobaini na nne, kabla hujaanza kufuata deni. Sura moja ni saa moja ya kukaa na mbili za kusafisha. Mtu akinilipa sehemu moja ya kumi ya bei yako ya ndoa, kwa saa nimekupita. Na naweza kumpiga Jumatatu, wakati wewe umelala unauguza mgongo.

YAYA: Hesabu yako ni safi. Kasoro yake ni moja tu: ndoa moja ni mteja mmoja wa kumbembeleza, sura kumi ni wateja kumi. Umehesabu saa za kupiga, hukuhesabu saa za kushawishi. Huko ndiko kazi inakoliwa.

MWALIMU: Niingie hapo. Mnasema kana kwamba biashara ya sura ni ndoto mpya, na kumbe ndiyo iliyotangulia. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na watu walijipanga. Alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua, na mara nyingi kila mtu alipata pozi moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Zanzibar kulikuwa na Capital Art Studio tangu 1930, Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh. Kinshasa alikuwapo Jean Depara, mzaliwa wa Angola, aliyewapiga wanamuziki na watu wa starehe usiku, na mchana akawa na studio yake. Hawa wote sura iliwalisha.

YAYA: Mwalimu, huyo Depara kamera yake ya kwanza aliinunua kwa ajili ya nini?

MWALIMU: Inasimuliwa kwamba mwaka 1950, alipokuwa anaoa, alinunua kamera ndogo ya Adox ili apate picha za siku hiyo.

YAYA: Ahaa! Alianzia kwenye ndoa. Tena yake mwenyewe.

MWALIMU: Alianzia, hakuishia. Lakini tazama jambo lingine. Wateja wa Keïta hawakuja kwa sababu wana uso. Walikuja wakiwa na nguo mpya, au sikukuu imefika, au kuna ndugu wa mbali wa kutumiwa kadi. Na aliyekuja bila kitu, Keïta alimkopesha: suti, saa ya mkononi, kalamu ya kuchomeka mfukoni, redio ya kuegemea. Alikuwa anampa sababu ya kupigwa leo na siyo kesho.

KIJANA: Leo kila mtu ana suti na redio ndani ya simu.

MAMA: Na simu yenyewe inapiga. Wewe utanipa nini ambacho binti yangu hanipi?

KIJANA: Mama, binti yako akikupiga anasimama karibu, urefu wa mkono. Kwa umbali huo pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Si kosa la simu, ni kosa la ukaribu. Mimi nasimama mita mbili au tatu, na lenzi ndefu kidogo, ndipo uso unakaa kwa vipimo vyake. Halafu ngozi. Kamera yoyote ikiachwa yenyewe huhesabu kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Ukisimama karibu na gauni jeupe la bibi harusi inakuzamisha kwenye giza. Ukikaa mbele ya pazia jeusi inakupausha kama majivu. Na hilo lina historia. Miaka mingi maabara za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, wakaiita Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha "sawa". Sisi tulitoka tulivyotoka.

YAYA: Hayo nayajua kabla hujazaliwa, na sikuyasoma. Niliyajua kwenye ndoa, bwana mweusi kwa suti nyeusi, bibi kwa gauni jeupe, taa ya ukumbi ya manjano, na mjomba aliyelewa anasimama mbele ya lenzi. Unataka kujua kumtuliza mtu asiyependa kupigwa? Nenda ukapige picha ya familia mbili ambazo zimegombana juu ya mahari saa moja iliyopita. Ukitoka hapo, mtu mmoja kwenye kigoda hawezi kukushinda. Ndiyo maana nakwambia usidharau shule iliyokufundisha.

KIJANA: Siidharau. Nasema shule ina siku ya kutoka.

YAYA: Na umeme? Studio yako itakula nini SNEL, shirika la umeme, wakikata? Mimi ndoani nina betri na jenereta ya ukumbi.

KIJANA: Dirisha. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kati ya digrii 11 na 12. Kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kusini kinapata mwanga laini mchana kutwa, bila jua kali kumpiga mtu usoni, na haudai bili. Nyumba za mtaa huu zina madirisha mapana. Natundika shuka jeupe upande wa pili ili kivuli kisiwe kizito, kazi inaanza. Mvua zikija nahamia barazani.

MAMA: Hapo umenishawishi kidogo. Lakini nina swali lingine. Ukinipiga, utanisafisha?

KIJANA: Nitaondoa chunusi ya wiki hii. Alama uliyozaliwa nayo sitaigusa, na rangi yako sitaipausha.

MAMA: Kwa nini? Nani analipa?

KIJANA: Wewe, mama. Lakini picha ya sura ambayo si sura yako...

MAMA: Mwanangu, unataka kuniuzia ukweli ambao sikuuagiza. Siku ya kupigwa navaa kitenge kipya, nasuka nywele, napaka poda. Hayo yote ni kujisafisha, na hukuyakataa. Mpaka wako unaanzia kwenye kompyuta tu? Sisemi unipake weupe, hilo hata mimi linanichukiza. Nasema usinihubirie. Uniulize.

MWALIMU: Mama amegusa jambo. Redio ya Keïta haikuwa ya mteja, na hakuna anayesema picha zile ni za uongo. Zinaonyesha mtu alivyojitaka. Hatari ipo pale ambapo anayetaka si mwenye sura. Katika mji huu tunaijua hatari hiyo. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, iliacha hifadhi ya picha ambamo wafanyakazi wamepangwa mbele ya lenzi, kifua wazi, macho mbele. Picha waliagiza wengine, na majina ya wengi wao hatunayo. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, aliwatoa watu wa namna hiyo kwenye picha za zamani, akawasimamisha juu ya magofu ya leo ya Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière. Kazi hiyo aliiita Mémoire, ya mwaka 2006. Watu wale ukiwaona unataka kuwauliza jina, na hakuna wa kukujibu.

KIJANA: Ndiyo njia ninayoitaka! Na Georges Senga pia. Alimchukua mwalimu mmoja, Kayembe Kilobo, aliyefanana na Lumumba na kuvaa kama yeye, akaweka maisha yake kando ya picha za Lumumba. Mtu mmoja tu, na kazi ikafika mbali.

YAYA: Nilijua tutafika huko. Wangapi wamefika? Baloji alisoma chuo hapa, kisha akaenda kusomea picha na video Strasbourg. Hao ni wasanii, wanaishi kwa maonyesho na safari za kikazi. Shirika la Picha lilianzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, ni sifa kwa mji, mimi mwenyewe naenda kutazama. Lakini biennale inakuja kila baada ya miaka miwili. Mwenye nyumba anakuja kila mwezi.

MWALIMU: Sikuwataja ili kijana aige njia yao. Niliwataja kwa ajili ya jina. Picha za Keïta zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana, na yeye yuko hai Bamako. Waliopigwa hawakuandikwa, aliyepiga naye akafutika. Kama kijana anataka kuwa mtu wa sura, aanze na daftari: jina la mtu kwa tahajia yake mwenyewe, mtaa, tarehe, nani aliomba picha, na kama ameruhusu ionyeshwe. Anayepiga ndoa anaweza kuishi bila daftari hilo, kwa kuwa familia inajijua. Mtu wa sura hawezi. Na asifanye kama wale wanaoshuka na ndege, wanakwenda Kolwezi, wanapiga uso wa mchimbaji wenye vumbi, picha inazunguka dunia, na mchimbaji hajaiona hata kwenye simu ya jirani.

YAYA: Hilo nakubali bila ubishi. Anayepigwa apewe picha yake, tena ya karatasi.

MAMA: Basi mimi niseme lililonikaa moyoni tangu mlipoanza. Mnasema sura haina tarehe. Inayo. Ni siku ya kilio. Mtu akifa, saa ile ile familia inaanza kutafuta picha. Inahitajika ya kuweka juu ya jeneza, ya tangazo, ya fulana, ya bango la getini. Na hakuna! Anakuwa mama wa miaka sabini, amezaa tisa, hana picha moja ya peke yake isipokuwa ya kadi ya kupigia kura. Ndipo wanachukua picha ya ndoa ya mjukuu, wanamkata kutoka katikati ya watu. Bega la mtu mwingine linabaki pembeni. Wanaikuza hadi macho yanakuwa madoa. Papa, si wewe unayeletewa kazi hiyo usiku?

YAYA: Ni mimi. Ninaifanya, na ninalipwa. Mtu lazima aifanye.

MAMA: Sikulaumu. Nasema wote tunalipia picha ya sura ya wazee wetu, ila tunailipia wakiwa wamechelewa kukaa kwenye kigoda. Makuta yapo. Yanatoka siku mbaya.

KIJANA: Mama, siwezi kwenda kwa watu na kuwaambia, njooni mpigwe kabla hamjafa.

MAMA: Ukisema hivyo watakufukuza, na watakuita mchawi. Hapo ndipo hujui kazi yako. Tarehe Mosi Agosti tunafanya nini?

MWALIMU: Sikukuu ya wazazi.

MAMA: Asubuhi tunakwenda makaburini, tunafyeka majani, tunapalilia. Mchana tunarudi kwa wazazi walio hai, tunawapa kitenge, kuku, kinywaji. Nchi nzima haifanyi kazi siku hiyo. Ni kiangazi, hakuna mvua. Watoto wamekusanyika, kila mmoja ametoa kitu, na baba amevaa vizuri. Nani kati yenu wapiga picha aliyewahi kunigongea mlango mwezi wa Julai, akaniambia, "Mama, mwaka huu mpe mzee picha yake"? Sijamwona. Mnangoja Jumamosi.

YAYA: Mama, hiyo umeniweza.

MAMA: Na Machi 8, wanawake tumevaa kitenge kimoja soko zima. Na mzee anapostaafu. Na mtoto anapovaa toga chuoni, ambapo mnapiga kundi zima kwa dakika mbili na kuondoka. Tarehe zipo tele. Hazina kadi ya mwaliko, basi.

KIJANA: Kwa hiyo ninaweza kuacha ndoa.

YAYA: Usikimbie! Agosti Mosi ni siku moja. Nyumba ngapi utafika kwa siku moja?

KIJANA: Siendi siku hiyo. Ninapiga Julai nzima, dirishani, Jumatatu hadi Ijumaa, na watoto wanampelekea mzazi picha ya karatasi, yenye fremu, siku yenyewe. Tarehe inakuwa ya kutoa zawadi, kupiga kunapata mwezi mzima.

YAYA: Haya. Na Septemba?

KIJANA: ...Septemba nitapiga ndoa, yaya.

YAYA: Sasa unaongea kama mtu mwenye kodi ya nyumba.

Nafasi ya mwamuzi ni yangu, na sitagawa ushindi nusu kwa nusu ili kila mtu aondoke ameridhika. Kijana ana haki, ila sababu aliyokuja nayo ilikuwa dhaifu. Alidhani kujifunga na sura ni kukataa kazi nyingine: ukisha kusema "sipigi magari", basi umekuwa mtaalamu. Kukataa ni rahisi, hata asiye na kamera anaweza. Yaya aliona palipo ugumu, kwamba ndoa humletea mpiga picha tarehe iliyokwisha kutengenezwa na kamati, wakwe na kanisa, na sura haimletei chochote. Alichokosea ni kudhani kwamba ukosefu huo ni tabia ya sura. Ni tabia ya sisi wapiga picha, tuliozoea kuitwa.

Keïta hakuwa na umahiri wa mwanga peke yake. Alimpa mtu wa Bamako sababu ya kupita leo. Studio za pwani nazo zilijua Idi inakuja na nguo mpya, zikajiandaa. Mpiga picha wa sura ni mtu anayeitisha. Lenzi ya kufaa na dirisha la kusini ni sehemu ndogo ya kazi yake, na vinafundishika kwa msimu mmoja. Sehemu kubwa ni kujua kwamba nyumba ya tatu kuna mzee anayestaafu mwezi ujao, kubisha hodi, kusema neno ambalo halitamuudhi mtu, kuandika jina lake sawasawa, na kurudi na karatasi mkononi. Asiyeweza kubisha hodi abaki kwenye ndoa, na asione haya, maana ni kazi ya heshima na mji unaihitaji.

Kwa hiyo njia ya huyu kijana haina siku ya kiapo ambapo ndoa zinaisha. Ina mwaka ambao Julai imejaa bila yeye kushusha bei, kisha mwaka ambao Machi nayo imejaa, na Jumamosi zinapungua zenyewe kwa kuwa anazo siku nyingine za wiki. Kama baada ya misimu kadhaa ni Agosti tu inayomlipa, basi Yaya alikuwa sahihi kuhusu yeye, na aambiwe hivyo bila kuzungushwa.

Limebaki moja lililozuka baada ya maneno hayo, ambalo hawakukubaliana, na mimi siwezi kulifunga. Mwalimu anataka daftari la majina libaki kwa mpiga picha, liwe kumbukumbu ya mji. Mama anataka libaki kwa familia, kwa sababu hifadhi ya mwisho iliyokaa na picha zetu haikutuuliza. Kijana ataanza kupiga kabla hilo halijaamuliwa. Ninachomtaka ni kwamba, kila mtu atakayekaa kwenye kigoda chake, amuulize swali hilo kwanza.